La Dolce Vita (1960): midomo haiendani na sauti, na uzi wa hadithi siuoni

Mwanagenzi_wa_Picha
Wakuu, ninayo La Dolce Vita ya Federico Fellini na nina maswali matatu. Faili linaonyesha dakika 167, ila kote naona wameandika 174: imekatwa? Pili, midomo ya waigizaji haiendani na maneno, hata nikiweka sauti ya Kiitaliano. Tatu, huyu mwandishi wa habari Marcello anatoka karamu hii anaingia ile, visa havishikani. Hadithi yenyewe iko wapi?

Reli35
Mkuu, haijakatwa. Sinema hupigwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, diski za PAL, mfumo wa runinga wa Ulaya, huikimbiza kwa fremu 25. Zidisha 174 kwa 24, gawa kwa 25, unapata 167. Hasara yake ni kwamba sauti hupanda kidogo, na muziki wa Nino Rota hausikiki ulivyorekodiwa. Ukipata nakala ya fremu 24, chukua hiyo.

Kagua upana kuliko urefu. Ilipigwa kwa Totalscope, mfumo wa picha pana, upana 2.35 kwa kimo 1. Kwenye runinga ya 16:9 picha ichukue kama robo tatu ya kimo cha skrini, na weusi ubaki juu na chini. Ikijaa skrini nzima, ama pande zimekatwa ama watu wamerefushwa. Wapo wahusika wanaosimama pembezoni kabisa mwa fremu, na hao ndio unaowapoteza. Ingia kwenye mipangilio ya runinga uzime ukuzaji wa picha.

Sikio_Moja
Midomo kutoendana si kosa la faili lako. Italia enzi hizo walipiga picha kwanza, sauti wakaingiza baadaye studioni. Anita Ekberg ni Msweden, Anouk Aimée na Alain Cuny ni Wafaransa, na kwa utaratibu ule kila mtu aliweza kusema kwa lugha yake mbele ya kamera. Epuka nakala iliyogeuzwa Kiingereza chote. Kwenye ile ya asili Sylvia, mwigizaji nyota anayechezwa na Ekberg, huzungumza Kiingereza na Marcello humjibu Kiitaliano, na pale ndipo unapoona kwamba hawafikiani. Hakikisha manukuu yanatafsiri lugha zote, siyo Kiitaliano peke yake.

Na uzi unaoutafuta, fuata sauti. Mwanzoni kabisa helikopta inabeba sanamu ya Kristo juu ya Roma, wanawake wanaota jua kwenye paa, Marcello anawaomba namba ya simu kwa ishara, injini inameza maneno. Kisha nenda kwenye karamu ya makabaila, iliyopigwa katika kasri la Bassano di Sutri. Maddalena, mpenzi wake tajiri anayechezwa na Aimée, anamkalisha Marcello kwenye chumba kitupu, anaenda chumba kingine, na sauti yake inamfikia kwa mwangwi. Anamwuliza kama atamwoa. Marcello, ambaye hamwoni, anaanza kumwambia anampenda. Wakati huo huo mwanamume mwingine amefika kwa Maddalena na anambusu. Marcello anaita, kimya. Tazama jinsi kamera inavyotuonyesha pande zote mbili, kwamba sisi tunajua na yeye hajui.

Binti_Mwambao
Nakubaliana na Sikio_Moja, nami naongeza mapambazuko. Karibu kila usiku una ahadi, na asubuhi inaifuta. Kwenye chemchemi ya Trevi watu hukumbuka gauni jeusi tu. Ngoja sekunde za mwisho: Sylvia anamdondoshea maji kichwani kama anayembatiza, nyuso zinakaribiana, mara maji yanakatika. Kelele yote inazimika, kumekucha, nao wamesimama majini wakiwa wamelowa. Baba yake Marcello naye: usiku anacheka kilabuni, alfajiri anaumwa na anataka treni ya kwanza. Mwanawe anamsihi abaki waongee, mzee anaondoka.

Usiruke sehemu za Steiner, rafiki msomi wa Marcello anayechezwa na Cuny, ukidhani ni maongezi ya wasomi tu. Ndiye kielelezo cha Marcello: vitabu, mke, watoto wawili, marafiki wanaosikiliza ngurumo na ndege kwenye mkanda wa sauti. Baadaye anawaua watoto wake na kujiua. Mke wake anashuka kwenye basi bila habari, wapiga picha wanamzunguka, naye anawauliza kama wamemdhania mwigizaji. Neno paparazi lilitoka kwenye filamu hii, kwa jina la mpiga picha Paparazzo, na hakuna tukio linaloonyesha ubaya wa kazi hiyo kama hili.

Ukitaka kuitazama kwa awamu mbili, simama baada ya Marcello kukutana na Paola, yule binti mhudumu wa mgahawa wa ufukweni. Usisimame katikati ya karamu, utapoteza uchovu unaojengwa polepole.

Mwanagenzi_wa_Picha
Asanteni sana. Na yule samaki wa mwisho?

Sikio_Moja
Wavuvi wanamvuta pwani, amekufa, jicho liko wazi linawakodolea wageni wa karamu. Watu wengi wa Italia mwaka 1960 walikumbuka ufukwe mwingine, Torvaianica, ambako maiti ya msichana ilikutwa 1953 na kashfa yake ikawagusa vigogo wa serikali. Ila usikwame kwa samaki. Geuka naye Marcello: Paola yuko ng'ambo ya mkondo wa maji, anamwita kwa mikono. Upepo na mawimbi vinafunika maneno yake. Marcello anainua mabega kwamba hasikii, anapunga mkono, anaondoka na wenzake.

Rudi sasa uitazame ile helikopta.