Boti ya tanga ya mtumba futi 26: mikuku miwili au katamarani?

mtu_wa_mkokotoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Natafuta boti ya tanga ya kulala, nikipata siku tatu nne niende Pemba na mke wangu na watoto wawili. Nshaona mbili. Ya kwanza Westerly Centaur futi 26, ya miaka ya 70, kazi ya Uingereza, faiba, mikuku miwili (yale mapezi mazito ya chini ya boti), dizeli ya ndani, anataka dola 8,000. Ndani unasimama wima, jiko lipo pale pa kushukia, choo kina mlango wake, omoni vitanda viwili na meza ukiikunja inakuwa kitanda chengine. Ya pili katamarani, yaani boti ya bodi mbili, mchoro wa Wharram, Tiki 26, plaiwudi na epoksi, mashine ya nje, dola 12,000. Hii kila upande kitanda chake chembamba, kama umelala ndani ya mtumbwi, ukitaka kusimama utoke nje, ila deki pana wallahi. Mke wangu kapenda ile yenye choo, mie roho yangu ipo kwa katamarani.

fundi_faiba
Wa aleikum salaam. Yakhe usianze na vitanda, anza na maji. Huku bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, boti ya mkuku mmoja mrefu ikipwelewa inalala ubavu. Centaur inataka maji chini ya mita moja na yakitoka inakaa wima kwa miguu yake miwili, unashuka unakwangua uchafu na kupaka rangi hapohapo mchangani. Lakini hiyo mikuku ndo ugonjwa wake, pale inaposhikana na bodi panapata ufa. Nenda bamvua, kaa chini yake na tochi, gonga na nyundo ya mbao taratibu, tizama kama kiungo kinatoa maji na mchanga wote ushakauka. Kisha ingia ndani, fungua mbao za ngamani, kule chini kabisa, uzipapase boliti za mikuku. Mie niliitengeneza moja nje inang'aa, kutia bisibisi kwenye ufa ikazama mpaka mpini. Kwao zinapatikana kwa paundi elfu chache tu, kwa hivo 8,000 iwe tanga na injini ni nzima, tanga zikiwa zimeungua jua usipite 5,000.

nahodha_wete
Nungwi ya Unguja mpaka Mkoani ya Pemba kama maili 30 za bahari. Kusi unakwenda raha, upepo nyuma na mkondo unakusukuma, kazi ipo kurudi. Kaskazi upepo unatoka unakokwenda na mkondo unaupinga, mawimbi yanakuwa mafupi yamesimama, hapo Centaur inakwenda pole na kuinama ila ina tani tatu, haitikisiki ovyo. Katamarani haiinami na ina mbio, lakini ukiijaza madumu ya maji na mafuta mbio zote kwisha, na mashine ya nje kwenye wimbi panga linatoka majini. Ile miti yake inayoshika bodi mbili imefungwa kwa kamba kama ngalawa zetu, wengine wanaogopa, mie ndo ninapopapenda, kamba ikichoka unaiona kwa macho na unafunga nyengine mwenyewe.

umm_salma
Kaka hao watoto wana umri gani? Kwenye hiyo katamarani mtalala wawili huku wawili kule, na kutoka upande mmoja kwenda wa pili lazima mpite juu ya deki. Mtoto akiamka usiku anataka mama na bahari ina wimbi itakuaje?

mtu_wa_mkokotoni
Mmoja minne mmoja saba. Dada hilo sikuliwaza kabisa, nimemsomea mke wangu akanitizama tu. Basi naifata Centaur bamvua hii inshallah. Mwenyewe anasema ushuru wa forodha kalipa na karatasi zipo ila hajanionesha, nitazitaka kwanza kabla ya kutaja bei. Fundi, nyundo ya mpira haifai? Ya mbao sina.

fundi_faiba
Mpira unameza sauti, hutosikia palipo na uwazi. Pita uchukue yangu.