Nalishwa na mahubiri ya mtandaoni. Mchungaji wangu ni nani?

Muuguzi wa Kimara
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni Mlutheri, naishi Kimara, kazi yangu iko mjini. Kwenye mwendokasi wa asubuhi tukiwa tumebanana mpaka mkono haunyanyuki, hedifoni ziko masikioni namsikiliza mhubiri mmoja wa YouTube. Anafundisha Warumi mstari kwa mstari. Kuhesabiwa haki kwa imani nimekuelewa hapo kuliko nilivyokuelewa kwenye kipaimara.

Jumapili nyingi natoka zamu ya usiku na ibada ya kwanza imeshaanza. Nikijikongoja mpaka usharikani, matangazo ya ujenzi yanazidi mahubiri kwa urefu: bati, kokoto, saruji. Sasa fungu la kumi nipeleke wapi? Yule wa YouTube anaweka namba ya simu chini ya kila video. Na mtu akiniuliza mchungaji wangu ni nani, nimtaje yupi? Naomba mnijibu ukweli, msinitishe.

Mjoli Tabata
Waebrania 10:25, dada, tusiache kukusanyika. Siku ukifiwa, YouTube itakuja kuzika?

Muuguzi wa Kimara
Mpendwa, hilo la mazishi nalisikia kila kikao cha ukoo. Nikibaki kanisani ili nije nizikwe tu, hiyo ni bima, siyo ushirika.

Mwinjilisti Chanika
Dada yangu, shalom. Umesema kweli kuhusu bima.

Warumi usiache kuisikiliza. Tena kumbuka, Paulo alipoiandika alikuwa hajafika Roma. Waumini wengi wa kule walilishwa na mtu wasiyewahi kumwona, na Mungu aliibariki barua ile. Lakini soma sura ya 16. Barua inaonekana ilipelekwa na Fibi wa Kenkrea, na Paulo anawasalimu watu kwa majina, pamoja na kanisa lililokuwa nyumbani mwa Priska na Akila. Waliisikia wakiwa pamoja, watu wanaojuana shida zao. Na mwandishi mwenyewe, sura ya 1, anasema anatamani sana kuwaona. Barua peke yake haikumtosha hata yeye aliyeiandika.

Nikupe la kwangu. Juzi niliandaa Mathayo 6, msisumbukie maisha yenu. Kwenye karatasi niliandika kwamba wasiwasi ni ukosefu wa imani. Nafika madhabahuni, namwona mama mmoja benchi la tatu. Wiki ile nilikuwa sebuleni kwake: mumewe kaachishwa kazi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Sentensi ile niliiruka. Nikakaa kwenye maneno "Baba yenu wa mbinguni anajua", nikayarudia taratibu mpaka alipoinua uso. Mhubiri wako angeisoma sentensi ile kama ilivyo, wala si kosa lake. Hamjui yule mama.

Waebrania 13:17 inasema viongozi wanakesha kwa ajili ya roho zenu kama watu watakaotoa hesabu. Nitatoaje hesabu ya mtu nisiyejua kama wiki hii amelala au amekesha? Kwa hiyo mchungaji wako ni yule atakayeulizwa habari zako. Na andiko hilo linatubana sisi kwanza. Tunaomjua msharika kwa namba ya bahasha yake ya sadaka tu, tutaulizwa.

Kuhusu fedha: anayekufundisha Neno unaruhusiwa kumshirikisha, Wagalatia 6:6 iko wazi. Ila fungu la kumi mimi ningelitoa usharikani, kwa sababu kuna mhazini, kuna wazee, taarifa inasomwa na wewe una haki ya kusimama ukauliza kokoto zimefika wapi. Ile namba ya chini ya video, kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Kama silo la huduma wala la mhubiri, acha.

Mama wa Mbagala
Nakubaliana na mwinjilisti, ila tusimtwike mchungaji peke yake. Mimi niliugua muda mrefu na mchungaji sikumwona. Waliokuja ni mzee wa kanisa na akina mama wa jumuiya, na chupa ya uji, wakanifulia na mashuka. Yakobo 5:14 inasema awaite wazee. Wewe dada umewaita? Huenda hawajui hata kama una zamu za usiku, wanadhani umehamia kwingine.

Muuguzi wa Kimara
Mama, hapo umenigusa. Hawajui. Wanaona bahasha haijarudi, basi.

Mwinjilisti, hiyo habari ya sentensi uliyoiruka nimeisoma wodini mara mbili. Jumuiya yetu hukutana Jumatano jioni, na wiki ijayo Jumatano niko mapumziko. Nitampigia mzee wa kanisa leo kabla sijaingia kazini, nimpe na ratiba yangu ya zamu ya mwezi mzima. Nataka pia kumwomba mchungaji tusome Warumi pale jumuiyani, maana nina maswali ya sura ya 9 ambayo video haijibu. Naogopa ataona namlinganisha na wa YouTube. Nimwambieje?

Mwinjilisti Chanika
Mwambie hivyo hivyo ulivyotuambia, na maswali ya sura ya 9 mpelekee yameandikwa. Mchungaji akiletewa swali la Biblia badala ya lile la ugomvi wa kwaya, anafurahi, nakuhakikishia. Mpe siku chache ajiandae, sura ya 9 ni ngumu hata kwetu.