Nagona imenishinda, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kwenye daladala, asubuhi na jioni, kwa hiyo riwaya naila vipande vipande. Rosa Mistika ya Kezilahabi niliimaliza kwa siku nne, na siku moja nilipitiliza kituo kabisa. Nikasema huyu mzee nimempata. Nikanunua Nagona, ya mwaka 1990, nikijua kitabu chembamba vile ni cha wikiendi moja. Wapi! Wiki ya tatu hii. Tiketi niliyoweka kama alama iko palepale, maana kila nikifungua narudi nyuma kutafuta nani anaongea. Lugha tamu, sikatai, ila kisa chenyewe kinateleza kama kambale. Ukidhani umekishika, kimeshaingia kwenye ndoto nyingine.

Sasa mliomaliza: mliisoma kwa mkupuo mmoja mkiwa mmetulia nyumbani, au hata kidogo kidogo inaingia? Au nianze na riwaya yake nyingine, Kichwamaji, kwanza ndiyo nirudi huku? Mzingile yake nayo ninayo kabatini, sijathubutu hata kuifunua. Ila jamani, msinisimulie mwisho.