Ua wa nyumba yetu si kituo cha matembezi ya mtu

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa na hasira, wala sitaificha.

Sisi ni wakaazi wa Kiponda, Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe na chokaa ambayo ua wake uko katikati na vyumba vimeuzunguka. Jumamosi iliyopita, saa tano asubuhi, mama yangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kichwa wazi, kanga imemshuka mabegani, mara akawaona wageni wawili wamesimama kando ya kisima, mmoja ameshainua simu anapiga picha. Hodi hawakupiga. Nilipowauliza wameingiaje, yule bwana alinionesha ramani kwenye simu yake, kwa adabu kabisa: nyumba yetu ni alama ya saba katika matembezi ya kimya yasiyo na kiongozi, na maelezo yake yanamwambia mtu asukume mlango, kwani ndani kuna ua uliofichika. Waliomba radhi wakaondoka, na nao sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na waliotengeneza programu hiyo. Niliwaandikia, wakanijibu kwamba waliukuta mlango wazi, kwa hiyo walipahesabu kuwa ni mahali pa watu wote. Mlango wetu mchana hurudishwa tu, hautiwi komeo, kwa sababu upepo unaoingia kutoka uchochoroni hadi uani ndio feni yetu umeme unapokatika. Aliyekulia hapa anajua kwamba asiyekuwa wa nyumbani huishia barazani. Baraza zilijengwa nje, ukutani, makusudi, ili mwenye nyumba ampokee mtu, amnyweshe kahawa na azungumze naye hadi usiku bila ya waliomo ndani kubughudhiwa. Hao wenye ramani wamechora mstari mmoja ukapita njiani, ukapanda barazani, ukaingia hadi tunapoanika nguo.

Sipingi mtu kutembea peke yake. Mimi mwenyewe baada ya sala ya Alfajiri hutoka Kiponda hadi Shangani kwa vichochoro, kabla vespa hazijaanza kupiga honi, na raha ya saa ile siijui mfano wake. Lakini anayetaka kuona ua, Ngome Kongwe ina ua mpana ulio wazi kwa kila mtu. Na ipo Hamamni, aliyoijenga Sayyid Barghash, mtawala wa 1870 hadi 1888, ili watu wa mji wakaoge. Mji Mkongwe kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000 hakukumgeuza mama yangu kuwa kitu cha makumbusho.

Nataka alama hiyo ifutwe, pamoja na maelezo yake. Tangu Jumamosi mama anatia komeo mchana kutwa, na ndani hakukaliki kwa joto. Nimehesabu alama nyengine nne zilizowekwa juu ya nyumba za watu, mbili Malindi, moja Mkunazini na moja Sokomuhogo. Wenye nyumba hizo, au jamaa zao, tafadhalini nijibuni hapa ili tuandike barua moja.