Mama asilale na njaa

Kundi la familia kwenye simu, kuhusu Mama mwenye kisukari

Jumapili, saa saba mchana

Kitinda Mimba: Jameni mko? Mama nusura atuzimikie leo asubuhi. Sasa ametulia, amejilaza. Msishtuke lakini someni yote.

Kaka Nakuru: Sukari imepanda tena?

Kitinda Mimba: Imeshuka. Saa tano nimetoka kuteka maji nikamkuta ameketi chini kando ya jiko, leso imelowa jasho kama aliyenyeshewa. Anataka kufunga kifungo cha sweta na vidole havishiki. Akaniita kwa jina la marehemu mjomba. Nimepima, 2.9.

Senge (shangazi yao): Uwi! Wifi yangu!

Dada Kisumu: Ulimpa nini?

Kitinda Mimba: Sukari vijiko vitatu vya chai kwa nusu glasi ya maji. Alikuwa anameza vizuri. Nikangoja dakika 15, nikapima tena, 4.6. Ndipo nikampa kiazi kitamu na maharagwe ya jana.

Dada Kisumu: Asante sana mdogo wangu. Ndivyo inavyofanywa. Ikisoma chini ya 4 hatungoji mtu. Na siku akishindwa kumeza usimtie chochote mdomoni, mlaze ubavu, tafuta gari mara moja. Sasa niambie, asubuhi alikula nini?

Kitinda Mimba: Strungi, ile chai isiyo na maziwa, na tango. Na dawa zote mbili za sukari, saa moja. Halafu akaenda kupalilia maharagwe, mnamjua.

Dada Kisumu: Strungi na tango tu?

Kitinda Mimba: Tuliambiwa ugali, mkate, viazi, vyote vitoke nyumbani.

Kaka Nakuru: Ni mimi niliyesema. Wiki jana aliposoma 14 niliogopa sana. Nilidhani namlinda.

Dada Kisumu: Kaka, sote tuliogopa, na sote tulinyamaza. Lakini sikilizeni. Moja ya dawa zake ni glibenclamide. Hiyo inalisukuma kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari, hata kama tumbo ni tupu. Ile nyingine, metformin, peke yake si rahisi imwangushe hivyo. Mtu akiinyima ile dawa chakula cha kufanyia kazi, inamaliza sukari iliyomo damuni. Na kwa mzee kushuka ni hatari ya saa hiyo hiyo: anaanguka, anavunja nyonga, au anachanganyikiwa akiwa jikoni na moto unawaka. Nimempigia muuguzi wa kliniki sasa hivi. Amesema glibenclamide ya jioni leo asipewe, na kesho asubuhi tumfikishe. Amesema pia dawa hiyo hukaa mwilini, kwa hivyo mpime kabla ya kulala na umwamshe usiku umpime tena.

Kitinda Mimba: Sawa. Nitaweka kengele saa nane.

Mke wa Kaka: Na chakula sasa kiweje? Tuliposti orodha ya vitu vya kukataa, hakuna aliyeposti vya kula.

Senge: Mimi niseme ukweli. Mama yenu ananiambia kila siku kuwa analala njaa. Hawezi kuwaambia, anaona mnatumia pesa nyingi. Ile kachumbari mbichi haitafuni, magego yameisha. Anaisogeza kando ya sahani, ikifika jioni anawapa kuku.

Kaka Nakuru: Senge, mbona hukutuambia?

Senge: Ndiyo nawaambia.

Dada Kisumu: Basi tuanze na anachoweza kutafuna. Sahani yake tuigawe hivi: nusu mboga, robo ugali, robo kitoweo. Ugali arudishiwe, jameni, kiasi cha ngumi yake mwenyewe, si ngumi ya Kaka. Unga uwe wa posho mill usiokobolewa. Mboga tunazo hapo nyuma ya nyumba, mrenda na kunde, mrenda unateleza wenyewe hauhitaji jino. Kitoweo omena, mayai, au maharagwe yaliyoiva hadi yakapondeka.

Senge: Mrenda bila magadi hauivi vizuri.

Dada Kisumu: Kidogo sana Senge, ncha ya kijiko. Magadi ina sodiamu kama chumvi, na presha yake mnaijua.

Kaka Nakuru: Na ule unga wa wimbi nilioutuma? Niliambiwa wimbi haina sukari.

Dada Kisumu: Wimbi ni nzuri, lakini ni wanga pia. Kitinda, wiki jana ulimpimia vikombe vingapi vya uji?

Kitinda Mimba: Vitatu 😔 alikuwa na njaa.

Dada Kisumu: Labda hapo ndipo 14 ilitoka. Kikombe kimoja, bila sukari, na yai la kuchemsha au njugu kando yake ili kikae tumboni. Viazi vitamu vichemshwe, visichomwe, vya kuchoma hupandisha haraka zaidi. Akikula kiazi, siku hiyo asubuhi uji usiwepo. Chungwa ale zima, tusimkamulie.

Mke wa Kaka: Githeri je?

Dada Kisumu: Maharagwe yazidi mahindi, na yalale kwa maji usiku.

Kaka Nakuru: Nitashughulikia stripu za mashine ya kupimia sukari kila mwezi. Hizo zisikose hata siku moja, ni juu yangu.

Dada Kisumu: Mimi omena. Kesho asubuhi napitia soko la Kibuye kabla ya kuja nyumbani Mbale.

Senge: Bado wageni. Wamama wa kanisa wakija kumwona wanabeba mkate, soda na sukari kilo mbili, na hawezi kukataa mkono wa mtu. Nitawaendea mimi nyumba kwa nyumba. Nitawaambia mama yenu anapenda kunde na mayai ya kienyeji. Wataelewa, wengi wao wana wazee kama yeye.

Kaka Nakuru: Asante Senge. Mama akiamka mwambieni anisamehe, nitampigia jioni.

Jumatatu, saa tatu usiku

Kitinda Mimba: Usiku wa jana alisoma 6.3, saa nane 5.8. Kliniki wameiondoa glibenclamide, amebaki na metformin, turudi baada ya wiki mbili na daftari la vipimo. Leo jioni amekula ugali wa ngumi, mrenda na kunde, omena za nyanya. Saa mbili baada ya kula, 9.1.

Kaka Nakuru: Tisa si juu?

Dada Kisumu: Kliniki wamesema baada ya kula isizidi 10. Iko sawa Kaka. Kitinda, kikopo cha sukari kiko karibu na kitanda?

Kitinda Mimba: Kiko, na maji. Amenituma niulize kama omena zimebaki za kesho.

Dada Kisumu: Zimo kwa mfuko wa bluu nyuma ya mlango. Zioshe kwa maji ya moto kwanza, zina mchanga.