Mwenye pikapu anataka tusaini kwamba hatuna madai, na mgonjwa bado yuko wodini

Mkazi wa Mwanga, Kigoma

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu na sheria za barabarani na bima za magari. Gari dogo la familia yetu, likiendeshwa na mdogo wangu ambaye leseni yake ni hai, liligongwa ubavuni katika barabara ya Kasulu kuja Kigoma na pikapu iliyoingia barabara kuu ikitokea njia ya vumbi, bila kusimama. Mdogo wangu alipata michubuko tu, lakini mama yetu mdogo aliyekuwa kiti cha nyuma alivunjika mguu chini ya goti, na hadi sasa amelazwa Maweni akiwa amefungwa hogo, huku daktari akisema huenda akahitaji kuwekewa vyuma. Askari wa usalama barabarani walifika, wakapima na kuchora ramani ya ajali, tukapewa PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali), na magari yote mawili yamezuiliwa kituoni.

Dereva wa pikapu ni mwajiriwa. Mwenye gari, ambaye ni mfanyabiashara wa mbao, ametutembelea kwa ustaarabu na amelipia dawa za mwanzo. Sasa ameleta karatasi iliyokwisha kuchapwa, inayosema kwamba atatengeneza gari letu na kutoa shilingi 800,000 kwa ajili ya matibabu na usumbufu, nasi tutamke kwamba hatuna madai mengine yoyote, ya sasa wala ya baadaye, dhidi ya mmiliki, dereva au kampuni ya bima. Wazee wetu wanaona tusaini kwa sababu ya ujirani. Mimi nasita, kwa kuwa mama mdogo anaishi kwa kuanika na kuuza dagaa pale Kibirizi, na hakuna anayejua atarudi lini kwenye kazi ya kuinama na kubeba ndoo.

Magari yote mawili yana bima ndogo. Je, bima yetu inaweza kututengenezea gari? Nani hasa anapaswa kumlipa mama mdogo? Na tukisaini karatasi hiyo, mlango wa bima utabaki wazi?

Wakala wa bima, Tabora

Poleni sana, na mgonjwa apate nafuu. Swali la kwanza lina jibu fupi: bima ndogo haitengenezi gari la aliyeikata. Inamlinda mtu wa tatu, yaani yule anayeumizwa au kuharibiwa mali na gari lenye bima hiyo, na ndiyo maana wenye magari wengi hushangaa wanapogongwa na kukuta kwamba stika waliyoilipia haiwapi hata kioo cha taa. Gari lenu na mguu wa mama mdogo vyote viwili ni madai ya mtu wa tatu dhidi ya bima ya pikapu. Hata hivyo, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, imeweka ulazima kwa upande wa kifo na majeraha ya mwili. Uharibifu wa mali unategemea masharti na kikomo cha fedha kilichoandikwa ndani ya mkataba wa bima, hivyo msidhani kwamba vyote vitalipwa kwa kipimo kimoja.

Kabla ya kujadiliana na mtu yeyote, ingizeni namba ya usajili ya pikapu kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, muone kama bima ilikuwa hai siku ya ajali, ni ya kampuni gani, na imekatwa kwa jina la nani. Stika iliyobandikwa kiooni si uthibitisho wa kutosha. Kisha andikeni barua ya taarifa kwa kampuni hiyo bila kusubiri nyaraka zikamilike, kwa sababu mwenye pikapu anaweza kukaa kimya akiogopa usumbufu, na kampuni ikaja kusema baadaye kwamba haikuwahi kuarifiwa.

Nyaraka ambazo kampuni huzidai ni taarifa za polisi za ajali, ambazo kwa kawaida ni PF 90 na PF 115, pamoja na ramani ya ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari (PF 93), PF3 iliyojazwa na daktari, risiti zote za hospitali, na mwenendo wa kesi ya dereva ikiwa amefikishwa mahakamani. Nyaraka zikishakamilika, kampuni inatakiwa kulipa ndani ya siku 45. Ugumu uko kwenye neno “kukamilika”, kwa maana kila mara hupatikana karatasi moja iliyosahaulika. Pelekeni nyaraka zote pamoja na orodha yake, na mpokeaji aisaini.

Wakili, Ujiji

Nitajibu suala la karatasi, kwa kuwa ndilo lenye hatari. Msiisaini jinsi ilivyo.

Makubaliano ya kumaliza madai ni mkataba, na mtu mzima mwenye akili timamu akiusaini kwa hiari yake, mahakama haitamwondolea kirahisi kwa sababu tu kwamba alipata fedha kidogo kuliko alivyostahili. Maneno “ya sasa wala ya baadaye” yamewekwa hapo kwa makusudi: iwapo mfupa hautaunga vizuri na mgonjwa akahitaji upasuaji wa pili, karatasi hiyo ndiyo itakayotolewa mbele ya hakimu. Zaidi ya hayo, angalieni kwamba inaitaja kampuni ya bima, ambayo haitoi hata senti moja katika makubaliano hayo, ila inapewa msamaha wa bure. Jambo jingine ambalo wazee huenda hawakuliangalia ni kwamba anayedai fidia ya mguu ni mama mdogo mwenyewe. Ukoo hauwezi kusaini kwa niaba yake wakati ana akili zake timamu, wala hafai kuletewa kalamu kitandani akiwa na maumivu.

Kuhusu nani alipe, dereva anawajibika kwa uzembe wake, na mwajiri wake anawajibika pamoja naye ikiwa dereva alikuwa katika shughuli za kazi. Ikitolewa hukumu dhidi yao, Sura ya 169 inailazimu kampuni ya bima kuilipa kwa upande wa majeraha ya mwili, mradi taarifa ya kesi iliifikia kwa wakati. Muda wa kufungua shauri la madhara ya aina hii ni miaka 3 tangu ajali, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Msiutumie muda huo kama ruhusa ya kulala, kwa sababu mashahidi huhama na risiti hufutika wino.

Risiti nazitilia mkazo. Mahakama hugawa fidia katika sehemu mbili: hasara mahususi, ambayo ni lazima itajwe kwa kiasi chake na kuthibitishwa shilingi kwa shilingi, na fidia ya jumla kwa maumivu na ulemavu, ambayo hakimu huikadiria mwenyewe. Nauli za kwenda hospitali, dawa zilizonunuliwa nje na magongo ya kutembelea vinahitaji karatasi. Kwa upande wa dagaa, kama mama mdogo ana daftari la mauzo, hata lile lenye madoa ya mafuta ambalo huandikwa majina ya wanaokopa, lihifadhiwe. Na kama hana, wanunuzi wake wa jumla wanaweza kuja kutoa ushahidi wa kiasi walichokuwa wakichukua kwake.

Askari mstaafu wa usalama barabarani, Urambo

Namheshimu wakili, ila nisingependa muulizaji aondoke hapa akiamini kwamba kila maelewano ni mtego. Nimeona watu wengi waliokataa kila kitu, gari likaota majani kituoni, na mwishowe wakalipwa kidogo kuliko walivyoahidiwa mwanzoni. Mwenye pikapu ameonyesha nia, na nia hiyo hupoa.

Tenganisheni mali na mwili. Mkubaliane kwa maandishi kuhusu matengenezo ya gari peke yake, kwa kutaja gereji, vipuri na tarehe, na muandike wazi kwamba makubaliano hayo hayahusu majeraha ya abiria. Fedha anazotoa kwa ajili ya matibabu zipokeeni kwa hati inayosema ni msaada wa matibabu na kwamba zitahesabiwa ndani ya fidia yoyote itakayokuja. Gari lisitolewe kituoni wala kuguswa na fundi kabla mkaguzi wa magari hajalikagua, na pigeni picha za pande zote, zikiwemo namba za usajili.

Na jambo hili wengi hawalijui: maelewano yenu hayafuti kosa la barabarani. Dereva atashtakiwa kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hata kama mmepeana mikono.

Mkazi wa Mwanga, Kigoma

Nawashukuru sana. Tumeangalia kwenye mfumo na bima ilikuwa hai, isipokuwa imekatwa kwa jina la mtu tusiyemjua. Mwenye pikapu anasema alinunua gari hilo kwake na hawajabadilisha kadi. Pia dereva amefikishwa mahakamani, amekiri kosa na amelipa faini. Je, mambo haya mawili yanatubomoa au yanatujenga?

Wakili, Ujiji

La pili linawajenga sana. Ombeni nakala iliyothibitishwa ya mwenendo na hukumu, kwa sababu chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya jinai ambayo muda wake wa rufaa umekwisha huchukuliwa kuwa ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Ubishi juu ya nani alikosea barabarani utakuwa umekwisha, na kitakachobaki ni kiasi.

La kwanza ni gumu zaidi. Bima ni mkataba kati ya kampuni na mtu maalumu, hivyo tarajieni kampuni ijitetee kwamba aliyekata bima hakuwa tena mmiliki. Kwa upande mwingine, kadi ya gari ni ushahidi wa awali kwamba aliyeandikwa humo ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo, na kuuziana kwa mdomo bila kuhamisha usajili ni jambo ambalo wao wenyewe watalazimika kulieleza. Shauri likifunguliwa, washtakiwe wote watatu: dereva, mnunuzi na aliyeandikwa kwenye kadi. Kampuni ikikataa madai kwa barua, mnaweza kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hali hii pia inaeleza kwa nini karatasi ile ililetwa mapema. Mfanyabiashara huyo anajua kwamba bima ikigoma, deni litamrudia yeye. Mjibuni kwa heshima kwamba mnakubali pendekezo la afande kuhusu gari, na kwamba suala la mguu litazungumzwa daktari atakapotoa ripoti ya mwisho yenye asilimia ya ulemavu. Barua kwa kampuni ya bima iende wiki hii, ipelekwe kwa mkono, na nakala mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.