Losheni za Mwanza: alama ya TBS kwanza, au sokoni kwanza?

Hoja iliyo mezani: watengenezaji wadogo wa losheni na mafuta ya kujipaka hapa Mwanza waruhusiwe kuuza kwanza, alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ije wakishakua?

Mtengenezaji, Igoma: Waruhusiwe. Hakuna kampuni iliyozaliwa kubwa. Beiersdorf, wenye Nivea, ilianzia Hamburg mwaka 1882 kwa mfamasia mmoja, Paul Beiersdorf, akitengeneza plasta za dawa. Mwaka 1890 akamuuzia mfamasia mwenzake, Oscar Troplowitz, na Nivea ikatoka 1911. Miaka 29! Mama wa Igoma mwenye sufuria mbili ukimdai maabara siku ya kwanza, umemfunga miguu kabla hajatambaa.

Mkemia, Nyegezi: Dada, historia hiyohiyo inakupinga. Kilichoikuza Nivea ni Eucerit, kiunganishi cha mkemia Isaac Lifschütz kilichotokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Ndicho kilichoshika maji na mafuta visiachane, na krimu isiyoachana ndiyo inayoweza kusafirishwa mbali. Losheni nyingi za hapa zinafia hapohapo.

Karibu asilimia 70 ya losheni ni maji. Yakitoka ziwani au bombani bila kuchemshwa, umeweka vijidudu kwenye kopo kwa mkono wako. Maji na mafuta vipashwe kila kimoja na sufuria yake, vyote vifike nyuzi 75, ndipo uvichanganye huku unakoroga mfululizo. Kimoja kikiwa baridi, nta inaganda vipunje kabla haijashika maji. Kihifadhi cha fenoksiethanoli hakizidi gramu 10 kwa kilo, na huingia mchanganyiko ukishashuka chini ya nyuzi 40. Kipimwe kwa mzani, si kwa kifuniko cha chupa! Na shubiri mbichi inayosagwa na kumiminwa humo ni chakula cha bakteria. Ukungu ukionekana, bakteria walishatangulia zamani.

Muuzaji, Makoroboi: Mnausahau mkorogo, zile krimu za kuchubua ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, lakini mteja hana jicho la kuiona zebaki. Anaona kopo jeupe lisilo na lebo, basi. Losheni safi ya Igoma na mkorogo vinalala meza moja, bei moja, shaka moja. Anayeumia zaidi ni mtengenezaji mwaminifu. Angalau kopo liandikwe viambato vyote, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha.

Mtengenezaji, Igoma: La zebaki sibishani, hilo ni sumu. Nauliza mafuta ya mgando yasiyo na tone la maji. Gramu 15 za nta ya nyuki kwa gramu 85 za mafuta ya alizeti, unayeyusha kwenye bakuli juu ya maji ya moto, unamimina. Hayo nayo yasubiri?

Mkemia, Nyegezi: Hayo ndiyo ya kuanzia, nakubali kabisa. Bila maji bakteria hawana pa kuzalia, ila kopo likaushwe kweli na mteja aambiwe asichote kwa mkono uliolowa. Alizeti huchacha, kwa hiyo weka vitamini E nusu gramu kwa gramu 100. Na msiuze nazi tupu: huyeyuka nyuzi 24, mchana wa Mwanza hupita hapo, kopo linavuja kabla halijafika Buhongwa.

Lakini kusubiri kuna ugumu gani? SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, humwandikia mjasiriamali mdogo barua ya utambulisho, na TBS humhudumia miaka mitatu ya mwanzo bila ada.

Mtengenezaji, Igoma: Ada si gharama pekee. Kuna chumba cha kutengenezea kilichotengwa na jiko la nyumbani, chenye sakafu inayosafishika. Kwa aliyepanga chumba kimoja, hapo ndipo safari inapokwama.

Muuzaji, Makoroboi: Basi wapange chumba kimoja watu watano, kwa zamu, kila mmoja na daftari lake la matoleo. Na alizeti ikiadimika mtu akahamia mafuta ya pamba, hiyo ni bidhaa nyingine. Alama ya zamani asiibandike humo.